Prado yangu, matairi makubwa na mchanga wa Mvumi: uzoefu wangu

Wakuu, gari ninalolizungumzia ni Prado ya mwaka 1999, dizeli, injini 1KZ-TE ya lita 3, gia otomatiki, spea inaning'inia kwenye mlango wa nyuma. Nililinunua mkononi kwa mtu likiwa na matairi ya lami saizi ya kiwandani, 265/70R16. Kwa mizunguko ya mjini Dodoma sikuwa na shida nayo. Shida ni shamba. Nalima alizeti ng'ambo ya Mvumi, Wilaya ya Chamwino, na kabla ya kufika kuna makorongo mawili ya mchanga. Kiangazi ni makavu kama unga wa uwele. Mvua ikinyesha yanashusha maji saa moja au mbili, halafu yanakuachia mchanga mpya umelala mahali ambapo jana ulipita vizuri.

Nisiwadanganye, nilitaka pia gari lionekane. Kuna Prado kama yangu, imeinuliwa, matairi yametuna, huwa naiona mjini karibu na Nyerere Square, na kila nikiiona narudi nyumbani naliangalia la kwangu kama mtu anayemwangalia mtoto wake aliyefeli.

Kwa hiyo nilipokuta matairi yamebaki kashata (yale meno ya mpira yanayoshika ardhi) za kuhesabu nikaingia dukani na neno moja tu mdomoni: makubwa. Muuzaji, ambaye duka lake silitaji, akanitolea 285/75R16. Nikamuuliza kama yanaingia bila kugusa. Akasema, "Kaka, hizo Prado zote mjini zimevaa haya." Nikalipa 610,000 kwa tairi, nikachukua manne. Spea nikaacha lile la zamani. Hapo nilikuwa nimeshakosea mara mbili na bado sijawasha gari.

Kosa la kwanza nililigundua kabla sijafika Nkuhungu. Nikikata kona usukani ukiwa umeisha, tairi la mbele linakwaruza plastiki ya ndani ya madigadi, krrr, kwa upande wa nyuma wa tairi. Kwenye barabara iliyonyooka kimya. Ukikutana na tuta huku umekunja kidogo, krrr. Nikarudi gereji. Fundi akalala chini, akatoka na vumbi mgongoni, akasema tukate kidogo, plastiki tunaipasha moto inarudi nyuma, na huku chini chuma tunakigonga nyundo. "Kidogo tu, bosi." Nikamuuliza kidogo ni kiasi gani, akanionyesha kiganja kizima. Njia nyingine ni kuinua gari kwa springi na shokapu ndefu, ambayo ni bajeti nyingine kabisa, na ukishainua gari ambalo kila gurudumu la mbele linapanda na kushuka peke yake kama hili, alaimenti (unyoofu wa magurudumu) na amu (mikono ya chuma inayoyashika) navyo vinaanza kukudai.

Mahesabu ambayo ningeyafanya kabla ya kulipa nikayafanya baada ya kulipa, kwa kalamu, mezani. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, ya tatu ni rimu kwa inchi. 265/70R16 ina kipenyo cha milimita 777 hivi. 285/75R16 inafika 834. Hiyo ni zaidi kwa asilimia 7. Katikati yake kuna 265/75R16, milimita 804, zaidi kwa asilimia 3 na kidogo. Na kumbuka gari linainuka nusu tu ya tofauti ya kipenyo, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kwa 285 nilipata sentimita 2 na milimita 8. Kwa 265/75 ningepata milimita 13. Weka kidole kidogo cha mkono wako mezani kikiwa kimelala. Ndiyo hiyo.

Kosa la pili ni spea. Prado hii inasukuma magurudumu yote manne muda wote, na kati ya mbele na nyuma kuna difu ya kati, yaani gia zinazoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukifunga tairi moja dogo kuliko mengine, lile dogo linazunguka mara nyingi zaidi, na difu inafanya kazi bila kupumzika hata barabara ikiwa imenyooka. Ukifunga loki ya difu ya kati, inayolazimisha mbele na nyuma kuzunguka sawa, kwenye lami katika hali hiyo, unaomba kuvunja kitu cha gharama. Maana yake, ukibadilisha saizi kwenye gari la namna hii unanunua matano. Muuzaji hakuniambia, na mimi sikuuliza.

Wiki ya tatu nikayarudisha. Duka likayapokea kwa 480,000 kila moja kwa sababu "yameshagusa ardhi", nikapoteza 520,000 nimesimama pale pale. Bei ya 265/75R16 ya AT, yale ya njia zote, ilikuwa 520,000. Yaani nilipoteza tairi zima. Nikachukua matano, nikaongeza 680,000 juu ya zile walizonirudishia, nikaondoka. Safari hii nilisoma ubavuni kabla ya kulipa. Zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Katika yale matano aliyonitolea kwanza, mawili yalikuwa na umri wa miaka mitano dukani, yanang'aa kama mapya. Nikamwambia abadilishe. Akabadilisha bila neno, nikajua haikuwa bahati mbaya.

Brandi siitaji, maana nikiitaja mjadala wote utahamia huko. Kinachohusika ni kwamba ni ya plai 10 (kipimo cha uimara wa tairi), ubavuni pameandikwa 123/120Q. Ile 123 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 1,550, na Q ni mwendo wa juu wa kilomita 160 kwa saa, ambao dizeli hii ya zamani haina ndoto nao. La kiwandani lilikuwa 112S, kilo 1,120. Kwa hiyo ni tairi gumu zaidi, na ugumu una bei yake. Nilipima moja likiwa na rimu kwenye mizani ya magunia ya jirani yangu: la zamani kilo 30, jipya 36.

Sasa miezi kumi na moja barabarani.

Kwenye lami yanavuma. Si kelele za kukufanya upaze sauti, ni mvumo wa chini kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, unauanza kuusikia ukipita 60. Mke wangu aliuliza kama bearingi imekufa. Baada ya mwezi hatuusikii tena, ila mgeni akipanda anauliza. Mvua ikinyesha kwenye lami ongeza nafasi ya kusimama. Breki zangu zilikuwa nzuri na matairi ya zamani, sasa naona wazi kwamba mguu unaingia zaidi, kwa sababu gurudumu limekuwa kubwa na zito lakini breki ni zile zile za 1999. Nilibadilisha pedi za mbele mapema kuliko nilivyopanga.

Mwendo nilioupima ulinishangaza. Zamani dashibodi ikisema 80, simu ilikuwa inasoma 77, maana spidimita nyingi zinatia chumvi kidogo. Kwa 265/75 dashibodi ikisema 80 simu nayo inasema 80. Yaani tairi kubwa limenyoosha uongo wa kiwandani. Kwa 285 ilikuwa karibu 83, na hapo ndipo pa kuangalia, kwa sababu kwenye vijiji vya barabara ya Manyoni ukijiona uko 50 kumbe uko 52, na tochi haina mjadala. Faini ni 30,000.

Mafuta. Wengi watakuambia "gari limeanza kula", lakini wanasahau kwamba kihesabu kilomita nacho kinadanganywa. Zamani lita 60 zilinipeleka kilomita 520. Sasa dashibodi inasema 480. Ukiongeza ile asilimia 3 na kitu, ukweli ni kama 496. Kwa hiyo nimeshuka kutoka kilomita 8.7 kwa lita hadi 8.3. Linakula, ila si kwa ukubwa ule wanaousema.

Milimani ndipo linaponung'unika. Tulipokwenda Babati kwa msiba, ile sehemu ya kupanda Bereko baada ya Kondoa, gia ilikuwa inaingia ovadraivu (gia ya juu kabisa) na kutoka, inaingia na kutoka, kama mtu asiyejua kama anakaa au anaondoka. Nikazima ovadraivu kwa kitufe nikapanda polepole huku jicho liko kwenye geji ya joto. Wenye 1KZ wanajua kwa nini: injini hii ikichemka, silinda hedi (kichwa cha injini) inapasuka. Ukiongeza ukubwa wa tairi unaiongezea injini mzigo, kwa hiyo rejeta iwe safi kabla ya kufikiria matairi. Mimi niliisafisha baada ya Babati, kwa woga.

Haya, mchanga, ambao ndio ulionipeleka dukani.

Safari ya kwanza ya shamba na matairi mapya nilifika kwenye korongo la kwanza nikiwa na kiburi. Nikafunga loki ya difu, nikaingia. Mita ishirini hivi, gari likapunguza, likapunguza, likakaa. Nikakanyaga mafuta, likachimba. Nikashuka nikakuta difu ya nyuma imelala juu ya mchanga kama kuku anayeatamia. Matairi mapya, ya milioni mbili na laki sita, yamezama nusu.

Baada ya dakika arobaini ikaja Land Cruiser pikapu ya zamani, imebeba magunia ya mtama na mbuzi wawili. Akashuka mzee. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, akazunguka gari langu mara moja mikono nyuma, akainama, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Umeweka upepo kiasi gani, mjukuu?"

"Fundi aliweka arobaini."

Akacheka mpaka akakohoa. Akaenda kwenye mgunga pale ukingoni, akavunja mwiba mrefu, akafungua kifuniko cha vali na kuubonyeza mwiba ndani. Upepo ukatoka ukinuka mpira. Nikamuuliza tutoe mpaka wapi. "Mpaka ubavu utoe tumbo," akasema, akaenda kwenye tairi la pili. Tulipomaliza tukachimba mchanga kidogo mbele ya magurudumu, akaniambia niondoke kwa gia ndogo, nisikanyage kwa hasira. Prado ikatoka kama haikuwahi kukwama. Yeye akapita nyuma yangu na matairi membamba yaliyochakaa, kiwandani mpaka kaburini saizi ile ile, wala hakupunguza mwendo. Alinipungia mkono na kupotea kuelekea Mvumi.

Siku ile sikuwa na pampu. Nilitambaa kwa mwendo wa 30 mpaka kijiji cha mbele, nikamkuta kijana wa kuziba pancha za bodaboda mwenye pampu ya mguu. Tukakubaliana 1,000 kwa tairi. Alipofika tairi la pili jasho limelowesha fulana, akaniangalia bila kusema, nikajua. Nilimpa 10,000.

Tangu hapo nina mita ya upepo na kompresa ndogo inayobana kwenye betri. Kwenye lami naweka 36 (kwa PSI, kipimo cha upepo). Nikifika kwenye korongo nashusha mpaka 18, navuka, nikirudi kwenye barabara ngumu najaza. Matairi yote manne yanachukua kama nusu saa, muda wa kunywa chai ya chupa na kula kipande cha muhogo. Sijakwama tena kwenye mchanga. Na sasa nikiwa mkweli, sijui kama nilihitaji 265/75. Mita na kompresa vimenigharimu kidogo kuliko ile hasara ya dukani, na vingefanya kazi hiyo hiyo kwenye 265/70.

Kilichonilipa hasa ni ule unene wa plai 10. Miiba ya migunga zamani ilikuwa inanipa pancha kila msimu wa kuvuna, mara nyingine ubavuni ambako hakuzibiki. Miezi kumi na moja hii nimepata pancha moja, na ilikuwa msumari, mjini, mita mia mbili kutoka nyumbani.

Matope ni hadithi nyingine. Mwezi wa pili nilimpeleka shemeji Bahi kuangalia mashamba ya mpunga, mvua imenyesha usiku. Ule udongo mweusi wa mbuga ulijaa kwenye kashata za AT ndani ya dakika mbili, tairi likawa duara laini kama limepakwa lami, na gari likaanza kwenda ubavu. Hapo hata kupunguza upepo hakukusaidia. Kama kazi yako ni Bahi wakati wa mvua, tafuta MT, yale ya matope yenye kashata zilizoachana, ukubali kelele zake.

Na mlango wa nyuma. Zile kilo sita za ziada kwenye spea bawaba zimezihisi. Mwezi wa nane mlango ukaanza kukataa kufunga, unaunyanyua kidogo kwa goti ndio unakubali. Fundi ameongeza vipande vya bati chini ya bawaba na kukaza boliti, ukatulia, lakini nikipita rafu rodi nausikia unagonga. Amesema bushi za bawaba zimekwisha, anazitafuta Dar. Hii ni wiki ya tatu anazitafuta, na mimi bado nabeba mbegu za alizeti huku nimeufunga mlango kwa kamba.