Pateni za majani yanayopukutika: ipi ununue, ipi uiache

Mwangaluka, ndugu zangu wa cherehani.

Tangu Oktoba ianze, simu yangu imejaa malalamiko ya aina moja. Mama mmoja wa Isevya, hapa Tabora, kanunua mtandaoni pateni (mchoro wa kufuata) ya mfarishi wa viraka kutoka Marekani, yenye majani mekundu na maboga. Kalipa kwa kadi ya simu, kaprinti, kashona bloku zote, yaani ile miraba mikubwa ya viraka, na siku ya kuziunganisha na vipande vya katikati hazikutani. Bloku ilitakiwa kuwa inchi 12, yake imetoka 11 na nusu na ushee. Fundi jirani kamwambia mishono yake minene. Kafumua, kashona upya, hali ni ileile. Mwingine wa Kiloleni yamemkuta hayohayo, na yeye alishafika mahali pa kuilaumu cherehani yake, Butterfly ya watu isiyo na kosa lolote.

Mishono haina shida na cherehani haina shida. Tatizo ni karatasi, na kwa sababu wauzaji hawalisemi, leo nitalisema mpaka mchoke.

Marekani na Kanada hawatumii A4. Karatasi yao ina upana wa inchi 8 na nusu na urefu wa inchi 11. A4 yetu ni nyembamba kuliko hiyo kwa karibu robo inchi, ila ni ndefu zaidi. Sasa ukimpelekea kijana wa steshenari faili lililopangwa kwa karatasi yao, mashine inaona ukurasa hauenei kwenye upana wa karatasi, inaubana yenyewe ili uingie. Kijana hakufanya hila, mashine ndivyo ilivyopangwa. Ukurasa unapungua kama asilimia 3, na wakati mwingine zaidi. Kiolezo, yaani umbo la karatasi la kukatia kitambaa, cha inchi 12 kinapoteza zaidi ya theluthi moja ya inchi. Panga bloku sita kwa upana wa kitanda, umeshapoteza inchi mbili na zaidi.

Utasema, mbona pateni nyingi zina kisanduku cha kupimia? Ndipo hasira yangu ilipo. Kisanduku chenyewe ni cha inchi moja! Asilimia 3 ya inchi moja haifiki milimita moja, yaani mstari wa chaki yako ni mnene kuliko kosa unalolitafuta. Unaweka futikamba, unaona inchi moja safi, unakata kitambaa kwa amani. Kisanduku cha inchi 4 kingekuonyesha upungufu wa thumni ya inchi, na hiyo kila fundi anaiona kwenye futikamba. Kuongeza kisanduku kikubwa hakumgharimu muuzaji chochote, ni mistari minne tu, lakini hawaweki.

Kwa hiyo katika orodha yangu ya pateni sita za msimu huu sitapoteza muda na ugumu wa pateni wala ukubwa wa kitanda, hayo kila muuzaji kayaandika. Mimi nauliza swali moja: pateni hii ikibanwa na mashine ya steshenari, itapona?

Kabla sijaendelea, niwajibu wanaocheka kwamba watu wa Tabora tunashona majani ya Ulaya na Marekani kwa lipi. Kule miti inageuka rangi kati ya Septemba na Novemba ikijiandaa kuacha majani. Kwetu rangi zilezile zinakuja na majani machanga. Pita njia ya Sikonge mwezi wa tisa au wa kumi, kabla tone la mvua halijadondoka, uone miombo inavyochipua: nyekundu ya shaba, ya kutu, ya waridi iliyokolea, halafu kijani ndiyo inafuata. Na mtu aliyewahi kusimama mlangoni mwa bani la tumbaku, kile kibanda cha kukaushia, hahitaji kufundishwa njano inavyogeuka kuwa chungwa na chungwa kuwa kahawia. Rangi hizi ni zetu. Na baridi ya Juni na Julai hapa kwetu juu inataka mfarishi kweli.

Namba moja kwangu ni jani la mepo, mti wa kule, la viraka tisa, lile wanaloliita Maple Leaf. Bloku ni gridi ya tatu kwa tatu. Kwa bloku ya inchi 12 unakata miraba mitatu ya rangi ya jani, inchi 4 na nusu kila mmoja, na mmoja wa rangi ya nyuma. Kikonyo kina mraba wake. Vinabaki vipande vinne vya pembetatu mbilimbili: chukua miraba miwili ya jani na miwili ya nyuma, inchi 4 na 7/8, iweke mmoja juu ya mwenzake, chora mshazari toka kona hadi kona, shona robo inchi kila upande wa mstari, kata katikati. Umemaliza. Hakuna kiolezo, hakuna karatasi, ni namba tupu. Unaweza kuziandika kwenye kiganja ukaenda kushona. Steshenari haikuhusu kabisa.

Kitu kimoja tu cha kujifunza upya ni hiyo robo inchi. Sisi tuliofundishwa kushona magauni tumezoea kuacha akiba nene, mtu akinenepa aje apanuliwe. Mfarishi haunenepi. Robo inchi iwe robo inchi.

Na kwa jani hili naipendelea Missouri Star, sijifichi wala sijalipwa. Ni kampuni ya familia ya Doan iliyoanza mwaka 2008 katika mji mdogo wa Hamilton, Missouri, na masomo ya Jenny Doan yapo YouTube bure. Ninachowapendea ni kwamba kazi zao nyingi zinaanzia kwenye miraba ya inchi 10, ya inchi 5, au mikanda ya inchi 2 na nusu. Wao wanaiuza ikiwa imeshakatwa na kufungwa vizuri. Huna haja ya kuiagiza, ushuru na usafirishaji vitakutoa machozi. Kata mwenyewe kwenye kitenge. Upana wa inchi 45 unatoa miraba minne ya inchi 10 na kipande cha inchi 5 pembeni, ambacho ukikigawa mara mbili unapata mikanda ya kuzungushia ukingo. Mkiwa watano kwenye kikundi, kila mmoja akaja na kitenge chake, mkagawana miraba, kila mtu anaondoka na rangi tano kwa bei ya kitenge kimoja.

Hapo kwenye kitenge naomba nitoe dukuduku. Pisi inaitwa yadi sita. Yadi sita ni inchi 216, yaani miraba 84 ya inchi 10. Lakini siku hizi unakipeleka kitenge nyumbani, unakipima, ni mita tano. Mita tano haifiki hata yadi tano na nusu! Miraba inayotoka ni 76. Minane imekwenda wapi? Ukimrudia muuzaji anakuambia, “Mama, ndivyo zinavyotoka kiwandani.” Basi bei nayo itoke kiwandani hivyohivyo. Mimi sasa napima palepale kwenye meza yake, kwa futikamba yangu, na anayekasirika akasirike. Na usinunue kitenge chenye ndege mkubwa au feni kwa ajili ya majani, ukikata inchi 4 utabaki na mguu wa ndege. Tafuta maua madogodogo, au batiki ya kahawia na chungwa, hiyo inakaa kama jani lenyewe.

Namba mbili, Log Cabin, kibanda cha magogo. Huu ni wa mikanda: mraba mdogo katikati, unazungushia mikanda, upande mmoja rangi nyepesi, upande wa pili nzito. Kwa desturi yao katikati panawekwa nyekundu, ndiyo moto wa jikoni. Njano za asali upande huu, kahawia za tumbaku upande ule, na unapata msimu mzima bila kuchora jani hata moja. Nao ni namba tupu. Uzuri mwingine ni kwamba unakula mabaki. Ongea vizuri na fundi wa magauni, akuwekee vipande badala ya kuvitupa.

Namba tatu huenda ikawashangaza, kwa sababu ina kiolezo: Dresden Plate, ile duara kama sahani, ambayo ukiishona kwa njano na katikati ukaweka kahawia unapata alizeti. Kiolezo chake kikibanwa, upana unapungua lakini pembe haibadiliki. Vipande 20 vya nyuzi 18 vinafunga duara ya nyuzi 360 hata kama mashine imevipunguza. Sahani inatoka ndogo kidogo, basi, na kwa kuwa inashonewa juu ya kitambaa cha nyuma hakuna atakayejua. Pateni ya namna hii nunua bila woga. Tena unahitaji ukurasa mmoja tu, ubandike kwenye boksi la viatu, ukate, kiolezo kitadumu.

Bata bukini wanaoruka, Flying Geese, nawaweka nne. Kule bata hawa huhama wakati huohuo wa majani kupukutika, ndiyo maana wamo kwenye pateni nyingi za msimu huo. Ni namba tupu pia, ila pembetatu zake zina ukingo uliokatwa mshazari, na kitenge kilichofuliwa hadi kikalegea kinavutika vibaya sana hapo. Tia wanga, piga pasi, ndipo ukate.

Maboga ya kubandika juu ya kitambaa yako namba tano. Yakibanwa hayadhuriki, unapata boga dogo. Tatizo lake ni dobi. Pateni zinakuambia ubandike kwa pasi na kushona kidogo pembeni, lakini waliotunga wanafua kwa mashine yenye huruma. Sisi tunafikicha kwa sabuni ya mche kwenye beseni. Boga litachanika kabla mtoto hajaanza shule. Ukilitaka kweli, kunja ukingo ndani na shona kwa mkono.

Mwisho kabisa ni zile za kushona juu ya karatasi, ambapo kila bloku inataka karatasi yake iliyoprintiwa. Bloku 30, karatasi 30 au zaidi, na kila moja ni ya kuchanwa na kutupwa. Ukiprinti nusu leo na nusu mwezi ujao kwenye mashine nyingine, una mifarishi miwili isiyokubali kuoana. Zinavutia, najua. Ukingo wa jani unaonekana mpaka meno yake. Lakini huku kwetu, kwa bei ya wino wa huku, hapana. Na wauzaji wa aina hii wanapenda sana kumweka bundi juu ya tawi, eti ni mapambo ya msimu. Mkwe wako aje kulala, umemtandikia bundi kitandani, utaanzia wapi kumweleza?

Kuna kundi lisilostahili hata namba: pateni zinazochanganya. Ukurasa wa kwanza unakupa vipimo vya kukata kwa rula, ukurasa wa nne unakupa violezo vya kuprinti, na vyote viwili vinatakiwa kukutana kwenye mshono mmoja. Cha rula kinakaa inchi 12 na nusu sawasawa pamoja na akiba ya mshono, cha karatasi kimebanwa. Hiyo ndiyo iliyomliza mama wa Isevya. Ungekuwa mfarishi wa violezo vitupu, ungetoka mdogo kidogo na asingejua kamwe.

Za bure na zile za elfu tano zinazozunguka WhatsApp, nakala ya nakala iliyopigwa picha kwa simu: msinitumie kuniuliza. Picha ya simu inapinda kila mstari. Ukipata ya bure yenye namba tupu, shona. Yenye violezo, pita.

Ukiwa umeshanunua yenye violezo na pesa imeshaenda, fanya hivi. Mwambie kijana wa steshenari aingie kwenye mpangilio wa kuprinti, aandike asilimia 100, akatae kurekebishiwa ukubwa. Atakuambia kingo zitakatwa. Mwambie akate, mara nyingi pembeni hapo kuna jina la kampuni tu. Aprinti ukurasa mmoja kwanza, mweusi, rangi ni hasara. Usipime kisanduku cha inchi moja. Tafuta mstari mrefu kuliko yote kwenye kiolezo ambao urefu wake umeandikwa, weka futikamba mpya, siyo ile iliyovutika kwa kuning'inia shingoni mwako. Ukitoka sawa, aendelee na kurasa nyingine.

Na kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji umuulize kama ana faili la A4. Anayejali analo, maana Uingereza na Australia nao wanatumia A4 na wanashona mifarishi kuliko sisi. Pateni moja ni dola 10 hivi, zaidi ya elfu ishirini za kwetu, na nyingi ukishazipakua hurudishiwi pesa. Kwa bei hiyo kutengeneza ukurasa wa saizi ya pili ni kazi ya dakika chache, lakini kuna muuzaji mmoja mwenye jina kubwa, simtaji, alinijibu kwamba “ninaweza kununua karatasi yao mtandaoni”. Karatasi isafiri toka Marekani ije Tabora nishone jani!

Wanaouliza cha kuweka ndani: blanketi jepesi la fliisi linatosha kwa baridi yetu, na hutahangaika kutafuta pamba ya kutandaza. Kama unatumia blanketi la sufu au la pamba, lifue kwanza likaushwe juani, na kitenge vilevile, hasa chekundu. Tia kipande kwenye maji na kitambaa cheupe usiku mmoja. Kikichuja, usikiweke jirani na rangi ya maziwa, kitumie upande wa chini.