Chanjo, TSP au chupa ya ajabu: ukilima mikunde, nunua nini kwanza?

Mvua ikikaribia, maduka ya pembejeo hujaa pakiti za "wadudu wazuri wa udongo". Baadhi zinafanya kazi kweli, lakini haziwafai wakulima wote. Bakteria wanaoitwa rizobia huingia kwenye mizizi, mmea ukawajengea vinundu na kuwalisha sukari. Nao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea. Ila mazao mengi huchagua rizobia wake. Bidhaa tano za dukani nimezipanga kwa kigezo kimoja tu: pesa yako itarudi wapi haraka.

Ya kwanza ni chanjo ya unga, yaani rizobia hai wa kupaka kwenye mbegu, kwa anayelima soya. Soya ni mgeni kutoka Asia Mashariki, na mashamba yetu mengi hayana bakteria wake wa kutosha, hasa pale ambapo haijawahi kupandwa. Kenya utakutana na Biofix, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete. Kabla ya kutoa pesa, soma pakiti: imeandikwa soya au maharage? Tarehe imepita? Kisha muulize muuzaji alikuwa ameiweka wapi. Hao ni viumbe hai. Pakiti iliyokaa dirishani juani ni unga mweusi tu, hata bei ikishushwa. Kiwango cha kawaida ni gramu 10 kwa kilo ya mbegu. Lowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari au gundi, nyunyiza unga, geuza taratibu kivulini mpaka kila punje iwe nyeusi, uipande siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu na kufukia papo hapo. Mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu usiichanganye ovyo, kwani baadhi ya dawa hizo huua rizobia.

Ya pili ni fosforasi, na kwa mkulima wa maharage naipandisha juu ya chanjo. Vinundu hula nguvu nyingi, na bila fosforasi vinabaki vidogo na vichache. Mbolea ya TSP ina takriban asilimia 46 ya fosfeti na haina naitrojeni, jambo tunalolitaka. Fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, hufaa zaidi kwenye udongo wenye tindikali, kwa sababu tindikali ndiyo inayoiyeyusha. Yurea au CAN nyingi, ambazo ni mbolea za naitrojeni, ni hasara mara mbili: umelipia mbolea, na mmea ukishiba naitrojeni hiyo huacha kujenga vinundu.

Chanjo ya maharage naiweka ya tatu. Shamba la maharage kwa kawaida lina rizobia wengi wenyeji, wengine wavivu, nao huwabana wageni wa pakiti wasipate nafasi kwenye mizizi. Nunua pakiti ndogo, paka mbegu za mistari michache, iache mingine bila kitu, ulinganishe.

Ya nne ni maikoriza, kuvu ambao nyuzi zao hurefusha mkono wa mizizi hadi kwenye fosforasi na zinki ambako mizizi yenyewe haifiki. Kwenye vitalu vya miche, sawa. Shambani kuvu hao mara nyingi wapo tayari, na bei yake hainishawishi.

Ya mwisho ni chupa ya maji ya kahawia inayoahidi "kila zao, kila udongo", bila jina la bakteria wala tarehe. Iache dukani.

Wa kunde, karanga na choroko, msikimbilie chanjo. Mazao haya hushirikiana na rizobia wengi walioko Afrika. Yakianza kutoa maua, chimba miche kadhaa kwa jembe, usiing'oe kwa mkono, kwa maana vinundu vitabaki ardhini. Pasua vikubwa kwa ukucha. Ndani pakiwa pekundu au waridi, vinafanya kazi, na pesa ya chanjo ihamie kwenye TSP. Vikiwa vyeupe au kijani, au havipo kabisa, msimu ujao chanjo ni ya kujaribu.