Mashine kuukuu za useremala kwa karakana ya kikundi: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Kikundi cha mafundi seremala wa Mtwara au Lindi kinapochanga fedha za karakana moja, mara nyingi kinachopatikana kinatosha mashine mpya moja nyepesi, au mashine kuukuu mbili tatu za chuma kizito. Ushauri wetu ni chuma kizito, hata kama mota yake imekufa. Mota husukwa, beringi na mikanda ziko kwenye maduka ya spea, visu hunolewa. Lakini meza iliyopinda au mwili uliopasuka, hapo huna fundi wa kumpelekea. Ndiyo maana hatukupanga mashine hizi kwa kuangalia ipi inawaka ukibonyeza swichi. Tumeangalia mambo mawili: kipi kikiharibika kinatengenezeka hapahapa, na ni mashine ipi inafaa watu wengi wanaopokezana.

Kabla hujataja bei

Anza na nyufa. Rangi iliyopakwa upya sehemu moja tu ikwanguliwe kwanza, maana chini yake huenda kuna puti. Futa sehemu unayoishuku kwa kitambaa chenye mafuta ya taa: kona za meza, miguu, mahali bolti zinapoingia, masikio yanayoshika beringi. Subiri kama dakika kumi, kausha kabisa kwa kitambaa kikavu, kisha paka unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani hupanda polepole na kuchora mstari mweusi mwembamba kwenye weupe wa chaki. Ukiuona mstari huo kwenye sikio la beringi au katikati ya meza, shukuru na uondoke. Ufa mdogo kwenye mguu au kifuniko unavumilika. Hushikwa kwa bamba na bolti.

Halafu shafti. Beringi zinazolia si tatizo, na ni sababu nzuri ya kupunguza bei. Tatizo ni kiti cha beringi, yaani sehemu ya shafti inapokaa beringi, kikiwa kimeliwa. Kama mwenye mali anakubali kufungua upande mmoja, jaribu beringi mpya ya namba ileile: ikiingia kwa kidole bila kugongwa, kiti kimekwisha, na fundi wa lezi atalazimika kujaza na kukereza upya. Gharama hiyo iingie kwenye hesabu. Mashine kongwe sana zenye beringi za kumiminwa kwa risasi badala ya gololi, ziache, isipokuwa kikundi kina mtu anayejua kumimina.

Mwisho, tafuta kilichokosekana. Skrubu ya kupandishia meza, gia ya kuvuta mbao, vibano vya visu na uzio wa kuongozea mbao ni vitu vya mashine hiyohiyo tu, duka la spea halinavyo.

Namba moja: thiknesa (mashine ya kusawazisha unene wa ubao)

Mbao nyingi zinazofika hapa kutoka Liwale au Nachingwea hupasuliwa porini kwa msumeno wa mnyororo au wa kuvuta kwa mkono. Ubao mmoja huwa na inchi moja na nusu kichwani na inchi moja mkiani. Kuusawazisha mkongo wa namna hiyo kwa randa ya mkono ni kazi ya kutwa, na hapo ndipo karakana ya pamoja inaporudisha fedha zake mapema. Hata mafundi wasio wanachama wataleta mbao zao na kulipa.

Chagua yenye upana wa milimita 300 au zaidi na meza ya chuma cha kumimina. Zungusha gurudumu la kupandisha meza mwanzo hadi mwisho. Ikikwama katikati, skrubu imeliwa au imejaa vumbi lililoshikana na grisi. Vumbi huoshwa kwa dizeli. Skrubu iliyoliwa ni kazi ya lezi.

Beringi za kichwa cha visu (silinda inayozunguka ikibeba visu) kwa ukubwa huu mara nyingi ni 6204, 6205 au 6206. Ya 6205 ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje 52 na unene 15, kwa hiyo unaweza kuitambua kwa kalipa hata kama maandishi yamefutika. Nunua zenye alama ya 2RS, zilizozibwa kwa mpira pande zote, kwa sababu vumbi la mbao hupenya zile za kifuniko cha bati. Kagua pia roli za kuvuta mbao na springi zake, na zile kucha zinazozuia ubao usirudi nyuma: kila moja lazima ianguke yenyewe ukiinyanyua. Zikiwa zimegandishwa na utomvu, zisafishe. Zikiwa zimeng'olewa, zitengenezwe kabla ya mtu yeyote kusimama upande wa kuingizia mbao.

Mota ikibadilishwa, piga hesabu ya puli. Kichwa cha visu kwa kawaida kinataka mizunguko kati ya 4,500 na 5,000 kwa dakika. Mota ya 2,850 yenye puli ya milimita 120, ikiendesha puli ya milimita 70 kichwani, inatoa 2,850 × 120 ÷ 70, yaani karibu 4,900. Ukiweka mota ya 1,420 kwa puli zilezile, kichwa kitazunguka nusu ya mwendo huo na ubao utatoka na mawimbi. Mafundi watalaumu visu bure.

Visu vibadilishwe seti nzima na viwe na uzito sawa. Mninga na mkongo zina nyuzi zinazopishana, hivyo randa huzing'oa. Dawa yake ni kunoa ukingo mdogo wa digrii 10 hadi 15 upande wa mbele wa kisu. Mashine itataka nguvu zaidi, basi punguza kina hadi milimita moja kwa kila mpito, lakini uso utatoka safi.

Namba mbili: bendisoo (msumeno wa mkanda)

Mbao ngumu zimekuwa ghali, na bendisoo ndiyo inayopoteza kidogo: njia ya msumeno wake ni kama milimita moja, wakati msumeno wa duara hula tatu. Tena ni rahisi kumfundisha mwanachama mpya, kwa sababu haimrushii ubao.

Magurudumu yawe ya milimita 400 na kuendelea. Fungua milango uyatazame: mpira wa juu yake ukiwa umekatika hubandikwa mwingine, lakini gurudumu lenye ufa kwenye mkono halichomelewi. Weka rula ndefu kutoka gurudumu la juu hadi la chini uone kama yako mstari mmoja.

Urefu wa msumeno unapatikana hivi, kama magurudumu yanalingana: kipenyo mara 3.14, ongeza mara mbili ya umbali kati ya vitovu. Magurudumu ya 450 yaliyoachana 900 yanataka kama milimita 3,213. Unene wa msumeno usizidi sana sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu. Watu huweka msumeno mnene wakidhani utadumu, kumbe kwenye gurudumu dogo hukunjwa kila mzunguko hadi unapasuka kwenye maungio. Kwa kupasua unene, meno matatu au manne kwa inchi yanatosha.

Namba tatu: randa ya mezani

Inanyoosha na kutoa kona ya mraba, kazi ambayo thiknesa haiwezi. Ingekuwa juu zaidi kama si jambo moja. Zile kongwe zenye kichwa cha mraba usinunue kwa bei yoyote: pengo lake ni pana, na kidole kikiingia huburutwa chini. Nunua yenye kichwa cha duara tu.

Meza mbili lazima ziwe sambamba. Laza rula ya chuma juu ya zote na upitishe fila (kibati chembamba cha kupimia pengo) ya milimita 0.1, ikipita kwa urahisi katikati, meza imelegea kwenye njia zake au imepinda. Kulegea kunarekebishika.

Kupanga visu hakuhitaji kifaa cha gharama. Chomoa umeme. Weka kijiti kilichonyooka juu ya meza ya nyuma, kining'inie juu ya kichwa, weka alama ya penseli ukingoni mwa meza, kisha zungusha kichwa kwa mkono. Kisu kitakibeba kijiti mbele kidogo, tuseme milimita tatu. Kila kisu kikibebe umbali uleule kushoto, katikati na kulia.

Zinazofuata

Msumeno wa meza tumeuweka wa nne, ingawa wengi huuanza. Ile ya kienyeji ya angle iron yenye meza ya ubao inapatikana kwa bei nafuu na inafanya kazi, lakini katika karakana ya watu kumi ndiyo itakayoumiza. Nunua tu kama inaweza kufungwa bamba nyuma ya msumeno la kuzuia mbao isibane, lenye unene mdogo kidogo kuliko njia ya meno, pamoja na kifuniko juu.

Drili ya kusimama ni ya tano. Tikisa spindo, ikicheza pembeni iache. Keezo la mbao ni la sita, ila kikundi chenye wakerezaji wa mpingo wanaweza kulipandisha hadi la pili. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo barakoa iendane nalo.

Ya mwisho kabisa ni mashine moja ya kazi tano. Kwa fundi wa peke yake ni nzuri. Kwa kikundi, mmoja anapochonga tundu, wanne wanasubiri.

Umeme na chumvi ya bahari

Soma kibao cha mota kabla ya kulipa. Kikisema volti 230/400, kwenye umeme wa njia tatu (fezi tatu) wa hapa mota ifungwe kwa mpangilio wa nyota. Hiyohiyo inaweza kufungwa kwa mpangilio wa delta na kuendeshwa na inveta (kifaa kinachogeuza njia moja kuwa tatu) kwenye njia moja hadi kilowati 2.2 hivi. Mota ya Japani ya volti 200 ikipewa 400 inaungua papo hapo.

Usinunue swichi ya kawaida. Nunua starta yenye koili, ambayo umeme ukikatika inajifungua na haijiwashi unaporudi, maana unarudi wakati mtu ameingiza mkono kutoa mbao iliyokwama. Ongeza kitufe chekundu cha kuzimia kinachofikiwa kwa goti.

Kutu ya mezani iondolewe kwa msasa namba 180 uliozungushiwa kipande cha ubao bapa, ukilowanisha kwa mafuta ya taa. Sehemu ndogo zilale kwenye siki saa 24, zioshwe kwa maji yenye magadi soda, zikaushwe na kupakwa mafuta siku hiyohiyo. Baada ya hapo, meza ipakwe nta ya nyuki. Oili chafu inatia mbao madoa. Mikindani na pembezoni mwa bahari usifunike mashine kwa nailoni, inatoa jasho chini yake. Tumia shuka la pamba, na vumbi lifagiliwe kila jioni kwa sababu linashika unyevu.

Mota iliyolala ghalani masika yote isiwashwe siku inapofika. Pimeni kwa mega (kipimo cha ukinzani wa kihami cha umeme) kati ya waya na mwili. Ikisoma chini ya megaohm 1, ifunguliwe na kuanikwa juani siku mbili tatu, kisha ipimwe tena. Isipopanda, mpelekeeni fundi wa kusuka kabla ya kuifunga kwenye mashine.