Joshiki au ryoshiki: ipi ikufae Japani?
Mfasiri mvivu huyaandika maneno haya mawili ya Kijapani "busara". Joshiki ni yale ambayo kila mtu anatarajiwa kuyajua: kuvua viatu mlangoni, kutoongea na simu ndani ya treni, kutosimamisha vijiti vya kulia wima kwenye wali, maana hivyo hufanyiwa marehemu. Hufundishika upesi, lakini ukikosea utaitwa hijoshiki, yaani usiye na joshiki, na hilo ni tusi hasa. Tena hubadilika na wakati.

Ryoshiki ni kupima jema na baya mwenyewe. Ndiyo sifa ambayo Wajapani hulipatia Baraza la Juu la Bunge lao. Huchukua miaka, ila haichuji.

Mtalii wa wiki mbili, joshiki inamtosha. Anayehamia kikazi ataihitaji ryoshiki siku bosi atakapomwambia, "Hapa ndivyo tufanyavyo."