Dawa za mitishamba za maumivu ya viungo: ipi ununue kwanza, ipi uiache hukohuko dukani

Ndugu zangu mnaosumbuliwa na magoti, na nyie mnaowanunulia wazazi, naomba msome hii kabla hamjatoa hela, maana vinavyouzwa kwa jina la dawa ya viungo siku hizi ni vingi mno na havifanani hata kidogo. Hapa naongelea yale maumivu ya kusagika, magoti ya mtu mzima yanayouma akipanda ngazi. Kama kiungo kimevimba ghafla, kina moto na una homa juu, nenda hospitali leoleo. Na kama vidole vya mikono yote miwili vinakakamaa kila asubuhi zaidi ya lisaa, hiyo yaweza kuwa baridi yabisi, ina dawa zake hospitali zinazozuia viungo visiharibike, ukikaa miezi unameza kapsuli unapoteza muda ambao haurudi. Jongo nayo ikapimwe, na mtoto mwenye selimundu asipewe chochote kati ya hivi bila daktari wake kujua.

Haya sasa. Namba moja kwangu ni kapsuli za ubani, na sio ubani wa kufukizia nyumba jamani, ni ekstrakti (yaani kiini kilichochujwa) ya utomvu wa mti wa India unaoitwa Boswellia serrata. Ubani wa Somalia na Oman ni wa mti wa jamii hiyohiyo ila sio uleule, najua ndugu zetu wa Muscat wanauloweka usiku na kunywa maji yake asubuhi, sawa, lakini tafiti nyingi za magoti zilifanywa kwa ule wa India. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta waliomeza miligramu 100 kwa siku za ekstrakti iliyokolezwa, kwa siku 90, maumivu yao yalikuwa chini kwa pointi 17 kwenye kipimo cha 0 mpaka 100 ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Tafiti zenyewe ni ndogo, lakini kwa mitishamba ya kumeza hiyo ni kubwa. Ukishika kichupa angalia jina kamili la mti alafu asilimia ya asidi za boswellia, ndo kiini chenye kazi, au ya AKBA ambayo ni mojawapo ya asidi hizo, kikiwa kimeandikwa tu miligramu 500 bila asilimia kirudishe, hujui unanunua nini.

Namba mbili manjano, na hapa ndo watu wengi wanapigwa. Kiini chenye kazi kinaitwa kurkumini (kwenye lebo utaona curcumin) na kwenye unga wa manjano ni kama asilimia 3 tu, kwahiyo kijiko cha chai cha unga kinakupa kama miligramu 90 wakati tafiti nyingi zinatumia 500 mpaka 1,500 kwa siku. Chai ya manjano ni nzuri, kunywa, ila usitegemee itulize goti. Tafuta kapsuli zenye asilimia 95 ya hicho kiini, umeze na chakula chenye mafuta, hata wali wa nazi unatosha, kwasababu tumbo linainyonya kwa shida sana. Ndo maana wengi wanaichanganya na kiini cha pilipili manga, kweli kinaongeza unyonyaji mara nyingi, lakini kinaongeza pia unyonyaji wa baadhi ya dawa za hospitali, na kuna watu ini limeumia kwa hizi kapsuli zenye nguvu, sio kwa mchuzi. Ukiona macho ya njano au mkojo mweusi acha siku hiyohiyo ukapimwe.

Namba tatu krimu ya pilipili, ile yenye kapsaisini, yaani kiini kinachowasha cha pilipili, asilimia 0.025 mpaka 0.075. Kama mzazi wako anameza dawa za presha, sukari na ya kuzuia damu kuganda, kwake yeye hii ndo namba moja, kwasababu haimezwi. Inapakwa mara tatu au nne kwa siku, siku za mwanzo inawaka kweli na wengi wanaiacha hapo, mwambie avumilie na anawe mikono vizuri maana ikigusa jicho ni kilio. Ni ya magoti, vidole hapana. Na tafadhali msisage pilipili mkapaka, ngozi itaungua.

Tangawizi nafuu yake ni ndogo, bora uinunue sokoni ukapikie. Mzizi wa Kalahari unaoitwa kucha za shetani unasaidia baadhi ya watu wenye mgongo, ila mwenye vidonda vya tumbo, mawe kwenye nyongo au mjamzito asiuguse. Glukosamini sio mtishamba, nyingi inatoka kwenye maganda ya kamba na kaa, na madaktari wa viungo wa Marekani mwaka 2019 walishauri kwa nguvu isitumike kwa magoti.

Sasa ya mwisho kabisa, ambayo naomba usinunue kwa bei yoyote, ni ile dawa isiyo na lebo inayotuliza siku hiyohiyo. Hakuna mtishamba unaofanya hivo, hizi nilizotaja zinataka wiki nne mpaka nane. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kwamba Artri King, inayouzwa kama ya asili, ilikutwa na diklofenaki (dawa ya maumivu ya hospitali) na deksamethasoni (dawa kali ya jamii ya steroidi) ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Ndo maana uso unavimba, sukari inapanda, tumbo linatoka damu. Kama mama ameshaitumia muda mrefu usimkatishe ghafla, mwili unaweza kuporomoka, mpeleke kwa daktari na kopo lenyewe mkononi apunguziwe taratibu.

Dukani uliza usajili, TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa Tanzania, Pharmacy and Poisons Board (bodi ya dawa) kwa Kenya, angalia namba ya bechi na tarehe ya kuisha. Anayemeza warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, asimeze manjano wala tangawizi ya kapsuli bila kumwambia daktari, na anayesubiri upasuaji aache wiki mbili kabla. Nunua kichupa kimoja tu kwanza, kimoja cha aina moja, ukinunua vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia na kipi kimekuharibu tumbo.