Buti za kukodi zilivyoninyima Lenana

Nimenyamaza nikidhani hasira zitashuka. Hazijashuka, basi naandika.

Mimi na mume wangu ni watu wa Mombasa, mlima tunaoujua ni ule mpando wa kutoka feri Likoni. Mwaka jana ikatuingia tupande Mlima Kenya. Si vilele vya Batian wala Nelion, huko ni kwa wenye kamba na roho za paka. Tulitaka Lenana, mita 4,985, ambako mtu hufika kwa miguu yake. Kwa miguu yake, na viatu. Hapo ndipo penye neno.

Vifaa tulikodi duka moja huku huku kisiwani. Nilipojaribu buti nikabonyeza soli, kidole kikatoka na ungaunga mweusi. Nikamuuliza kijana wa duka. "Vumbi hilo, dada." Nikamwamini, mjinga mimi.

Lango la Sirimon hadi kambi ya Old Moses sina la kusema, kichwa kiliniuma tu. Bonde la Mackinder ni zuri, hata mtu mchoyo wa sifa atalisifu. Tukalala kambi ya Shipton, mita 4,200, pimbi wakitunyemelea mikate. Na hapa nikiri: begi la kulalia, la duka lilo hilo, lilikuwa na joto la jiko la mahamri. Nililala kama mtoto.

Saa tisa usiku tukaondoka. Njia ni changarawe tupu, unapanda hatua moja unateleza nusu. Tumekwenda kitambo, nikahisi mguu wa kushoto mwepesi. Kumulika tochi, soli imebaki nyuma, imejilaza kwenye mawe kama ng'onda.

Nilikuwa nimejifunga leso kiunoni, ya Biashara Street, mpya. Mume wangu akaichana, tukaifunga buti mithili ya kidonda. Ikashika kidogo. Juu zaidi mawe yameganda barafu, na leso ikilowa ni sabuni. Kiongozi wetu, mtu mpole sana, akasema, "Mama, kwa mguu huu, hapana."

Nikamwambia mume wangu nenda. Akakataa. Nikamwambia nenda, pesa zote hizi angalau mmoja afike. Akaenda na kiongozi, msaidizi akanirudisha. Jua la Lenana wenzangu walilipokea wamesimama kileleni. Mimi lilinikuta nashuka kwa makalio.

Haya, kiatu hukatika. Hilo ningesamehe. Tuliporudi nikaenda dukani nikitarajia pole tu, hata ya uongo. Mwenyewe akaitazama buti, akanitazama mimi juu hadi chini, akasema, "Hizi zimepanda mlima miaka mingi, dada. Labda ni uzito wako." Mbele ya wateja! Mbele ya mume wangu! Kisha akakata elfu tatu zetu za dhamana, eti nimeharibu mali.

Fundi viatu wa Mwembe Tayari alicheka nilipomwonyesha. Povu la ndani ya soli za aina ile huliwa na unyevu, na pwani hii unyevu ndio hewa yetu. Buti zikikaa stoo miaka, nje utaziona nzima, ndani zishakuwa biskuti iliyochovywa chai. Kumbe ule unga niliouona siku ya kwanza ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe. Miaka mingi aliyojisifia ndiyo iliyoziua, si kilo zangu.

Nilikusudia kusema msikanyage pale kabisa. Lakini nikikumbuka lile begi naona si haki, bei yake nafuu na ni safi. Kakodini mabegi, buti katafuteni mitumba Kongowea, mzikunje na kuzibonyeza kwanza. Ila hapana, bwana. "Uzito wako"? Hata begi msikodi! Bebeni blanketi la nyanya.

Buti ya kulia nilimwachia mwenye duka. Ya kushoto iko juu ya kabati langu, na leso yangu bado imeifunga. Yule kijana hunipigia simu, tajiri anaitaka. Naaje na elfu tatu zangu, na doti nzima ya leso, maana leso haiuzwi moja.