Kabla hujamnunulia mtoto kitabu cha hadithi, kitazame mgongo

Mwanangu wa darasa la sita alinifuata jikoni nikimenya ming'oko. "Mama, huyu kaka alitokaje kisimani?" Nikamwambia aendelee kusoma, atajua. Akasema ameshamaliza. Ukurasa wa 46 kaka yumo kisimani, maji yamemfika kifuani. Ukurasa wa 63 yuko ndani ya basi anakula mahindi ya kuchoma. Hapo katikati hakuna kitu.

Kitabu kilikuwa na wiki tatu nyumbani. Nilikinunua pamoja na vingine vitatu kwa shilingi 38,000, fedha ya korosho ilipoingia, siku ambayo kila mzazi wa Mtwara anajiona tajiri mpaka saa kumi jioni. Tukapekua chini ya kitanda, tukaokota karatasi sita kati ya nane. Mbili zilizobaki mdogo wake alikuwa amezigeuza mashua, zikaenda na maji ya mfereji.

Nikarudi dukani. Kijana akakigeuza kitabu, akakitazama kama anatazama samaki wa jana, akasema, "Mama, watoto hawajui kutunza vitu." Nikamuuliza hivi, mdogo wangu, kitabu cha mtoto ambacho hakistahimili mtoto umekiuza cha nani? Akacheka. Hela sikurudishiwa.

Tangu niulalamikie huo mkasa nimeandikiwa na mama wa Nachingwea, baba wa Masasi, mwalimu wa Newala, wote kilio kimoja: kurasa zinang'oka. Kwa hiyo leo sitazungumzia maadili, picha wala ukubwa wa herufi. Hayo kila mtu anayasema. Nazungumzia mgongo.

Kitabu chukua mkononi, kisimamishe, utazame mgongo wake kwa juu. Ukiona mikunjo midogo imepangwa kama vijitabu vilivyolaliana, ufungue katikati ya mkunjo mmoja utafute uzi. Uzi ukiwepo, kitabu kimeshonwa. Lipa, nenda nyumbani. Ukiona karatasi zimekatwa sawasawa kama mkate wa slesi, zimeshikwa na gundi tupu. Gundi nyingi ya viwandani hupakwa ikiwa ya moto, ikipoa inashika. Maana yake ikipata moto tena inalegea, na ikizeeka inakauka na kupasuka. Sasa fikiria safari ya kitabu kutoka Dar: kilomita zaidi ya 550 ndani ya buti la basi, kimekandamizwa na madumu, halafu kinafika kwenye duka la bati. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko na barabara ya Lindi kukatika, mizigo ililala njiani siku kadhaa. Mimi nisingependa kuwa gundi humo.

Aina ya tatu ni vile vyembamba vya pini mbili katikati. Sisi wa pwani tunajua habari ya chuma na hewa ya bahari. Pini inaota kutu, kutu inakula karatasi, karatasi inaacha pini ikining'inia peke yake kama hereni.

Jaribio la mwisho, na hili muuzaji hatalipenda: fungua katikati, bana pande zote mbili zilale. Ukisikia "kra", rudisha rafuni kwa adabu. Akikwambia "usikivunje, mama", keshakupa jibu.

Haya, ninavyovipanga vitabu vya kununua. Namba moja: nina mahaba na kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota na sifichi. Walter Bgoya aliianzisha mwaka 1991 baada ya miaka mingi ya kuiongoza Tanzania Publishing House, na mpaka leo naona kitabu chao kimehaririwa na mtu aliyekisoma. Vitabu vyao nilivyonavyo nyumbani vimepita kwa watoto watatu, kimoja kiliwahi kumwagiwa maji ya mabibo (doa lake halijatoka na halitatoka), na mgongo bado umesimama. Bei inauma, nakubali. Lakini kitabu cha 15,000 kinachosomwa na watoto watatu ni 5,000 kwa kila kichwa, na cha 6,000 kinachokufa mwezi wa kwanza ni 6,000 kwa kichwa kimoja, tena bila sura ya kisima. Angalizo moja kwa mashabiki wenzangu. Wametoa pia Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Kuna muuzaji alitaka kuniuzia nimpe mwanangu kwa hoja kwamba mhusika wake Yusuf ana miaka 12. Ni kweli anaanza na miaka 12. Lakini ni riwaya ya watu wazima, mtoto anayewekwa rehani kwa deni la baba yake. Nilikinunua nikakisoma mwenyewe.

Namba mbili nawapa E & D, kampuni ya uchapishaji ya akina mama wawili, Elieshi Lema na Demere Kitunga. Hawa waliwaandikia watoto wa umri wa huyu wangu wa darasa la sita wakati wengi walikuwa wanaona mtoto akishajua a-e-i-o-u hana haja ya hadithi tena. Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba ilitoka kwao mwaka 2008. Si kipya, na marehemu Semzaba hatutaletewa kingine, lakini mtoto wa miaka kumi ambaye hajakisoma, kwake ni kipya. Ukikikuta, mgongo utazame hivyo hivyo. Mapenzi hayaondoi ukaguzi.

Namba tatu ni vitabu vya Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Tuzo ilianza kutolewa mwaka 2023, hadithi za watoto zikaingizwa baadaye, na hapo ndipo pa kutafuta waandishi wapya wa Kiswahili. Ningewapandisha juu zaidi kama ningekuwa navipata kirahisi huku kwetu. Nimeuliza maduka matano, kuanzia sokoni hadi barabara ya Mikindani. Majibu: "vimeisha", "havijafika", "vya nini?", na mmoja aliyenipa kitabu cha maswali ya mtihani wa darasa la saba.

Hapo ndipo panaponiuma. Ingia duka lolote la vifaa vya shule. Rafu nne za mitihani iliyopita na majibu yake, rafu moja ya madaftari, na hadithi zimewekwa chini kabisa karibu na mifagio. Muuzaji si mjinga, anauza kinachonunuliwa, na wanunuzi ni sisi. Lakini bei nayo! Kitabu kile kile nilichoambiwa Dar ni 8,000, hapa 13,000, "usafiri, mama". Usafiri gani wa shilingi 5,000 kwa kitabu kimoja? Furushi zima nililowahi kutumiwa na wifi yangu kwa basi, vitabu kumi na viwili, nililipia shilingi 7,000. Tangu hapo tunaagiza wazazi sita kwa pamoja, mmoja anapokea stendi. Ukifanya hivyo mwambie anayenunua avifunge kwa nailoni na visikae buti la nyuma juu ya injini. Aombe viwekwe mbele. Akiona aibu kuomba, atafute mtu asiye na aibu.

Namba nne, vya Kiingereza vilivyotoka nje, vyenye jalada gumu na rangi. Karatasi nzuri, na vingi vimeshonwa, siwezi kusema uongo. Lakini nilimnunulia mwanangu kimoja cha madainosaria, nikakuta kurasa na kurasa za wanyama wa Marekani, na yule wa kwetu Tendaguru, hapo Lindi, kapewa kipicha cha pembeni na maelezo kwamba yuko Berlin. Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, babu zetu wakabeba mifupa kichwani mpaka bandarini Lindi, siku kadhaa kwa miguu. Leo amesimama kwenye jumba la makumbusho akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mwanangu akaniuliza kama tunaweza kwenda kumwona Lindi. Mwandishi yeyote anayesoma hapa: hadithi ya mtoto wa mpagazi wa Tendaguru, kurasa 120, Kiswahili, imeshonwa. Nanunua nakala kumi kabla hujamaliza kuandika.

Vya bei rahisi: vijitabu vya pini vya 2,000 chukua kama ni vya safari ya basi tu. Nakala za fotokopi usinunue, ni wizi wa jasho la mwandishi na wino wake unahamia kwenye vidole. Za kusoma kwenye simu zipo za bure na halali, African Storybook kwa mfano, ila nyingi ni za wadogo zaidi. Na maktaba ya mkoa ipo.

Kile kitabu changu nilikipeleka kwa fundi viatu pale sokoni, mzee anayeshona hata mabegi ya wanafunzi. Akakitazama, akasema, "Huyu anahitaji soli." Akatoboa matundu matano pembeni kwa msumari, akapitisha uzi wa viatu, akafunga fundo, 1,000. Sasa ndicho kitabu imara kuliko vyote nyumbani, ukikirusha ukutani ukuta ndio unaumia. Karatasi mbili amezishona kichwa chini, mwanangu anakigeuza akifika hapo. Ila zile mbili za mashua zilikuwa ndizo za kisimani, kwa hiyo mwenye nakala nzima aniambie yule kaka alitokaje.